Mahali pa Fagio

Glory alinipigia simu mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, nimesimama jikoni na mwiko wa uji mkononi, akasema, "Wifi, baba Naserian ametuacha," halafu nikasikia kuku na sauti za wanawake upande wake. Hakutaja jina. Kwa Wamasai aliyekufa hatajwi jina tena, na Glory, ingawa ni Mmeru wa Arusha, ameishi Endulen muda wa kutosha hata desturi hiyo imekuwa yake. Mimi nitalitaja, maana kumbukumbu hizi ni zangu na huko sikuolewa. Aliitwa Saning'o. Nilizima jiko, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikalia mpaka uji ukaganda. Mwanangu alipoingia aliniuliza kama aliyekufa ni ndugu. Nikamwambia ni ndugu. Ndivyo ilivyokubalika tangu zamani: mimi ni dada yake Saning'o, kwa hiyo Glory ni wifi yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama niliutaka udada huo.

Kesho yake nilipata nafasi kwenye gari la majirani waliokuwa wakienda msibani. Kutoka Karatu unapita geti la hifadhi, unapanda msitu wenye ukungu, kisha ghafla miti inaachana na kreta yote, lile shimo kubwa la volkano ya kale, iko chini yako. Dereva akasimama ili waliokuwa hawajaiona washuke waione. Mimi sikushuka. Kreta ile nimeikata na kuibandika nyuma ya maharusi, wanakwaya na wahubiri mara nyingi kuliko nilivyoitazama kwa macho. Kuna wingu moja lenye umbo la mkate, upande wa kushoto, ambalo limo kwenye kila video iliyotoka studio yetu mwaka niliofanya kazi ya video, kwa sababu bosi wangu aliirekodi kreta mara moja tu maishani mwake na wingu lile ndilo lililokuwepo. Nilibaki garini nimefumba macho, nikaliona wingu, na mbele ya wingu nikamwona Saning'o akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, shuka nyekundu begani, akimtazama Glory. Watu wote wa Endulen wanakijua kipande hicho. Nilikitengeneza mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na cheti cha kozi fupi ya kompyuta na kazi kwa Gwandu. Gwandu alikuwa Mwiraqw mwenzangu kutoka Ganako, mpiga video za harusi, mtu wa maneno mengi na kofia ya ngozi aliyoivua kanisani tu. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, na kilichotutenganisha na duka ni ubao wa plaiwudi. Kuta mbili tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na ukuta wa mbele, toka dari mpaka sakafuni, ulifunikwa na kitambaa cha kijani. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unamsimamisha mtu mbele ya kijani, unamrekodi, halafu unaiambia kompyuta ifute kila kilicho kijani. Anabaki mtu peke yake, kama aliyekatwa kwa mkasi, na nyuma yake unaweka unachotaka: kreta, maporomoko ya maji, hata Yerusalemu. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana unaweza kuwasimamisha bega kwa bega wakaimba pamoja. Kwaya zetu zilipenda kuonekana zikiimbia kreta, lakini kupandisha kamera kule kulitaka vibali, na vibali havikuwa vya watu wa kwaya. Kwa hiyo walikuja kwetu, na kreta ikawafuata chumbani.

Kilichokuwa kigumu ni usafi. Vumbi jekundu la Karatu liliingia chini ya mlango bila kubisha hodi, kitambaa kikashika madoa ya kahawia, na kompyuta iliyoambiwa ifute kijani haina habari na kahawia. Ukilala na doa, kesho kwaya nzima ina ukungu mchafu miguuni. Basi nilikuwa nikikifua kitambaa kile, nakianika nyuma ya duka, nakipiga pasi ya mkaa kipande kwa kipande, maana hata kunjo dogo linaacha kivuli. Gwandu alinitania kwamba mimi ndiye msichana pekee mjini aliyeolewa na pazia. Nilikuwa namjibu kwamba pazia angalau halivai kofia ndani ya nyumba. Sikuwa na mtu, hilo lilikuwa kweli, na sikuwa na haraka. Nilikuwa nimegundua kitu ninachokiweza na furaha yake ilinitosha kwa wakati ule.

Saning'o nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa za mifugo, upande wa pili wa plaiwudi, na nilipokuwa kwenye kompyuta nilimsikia siku nzima akihudumia wateja, mara kwa Kimasai, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiiraqw chake cha kubabaisha ambacho kilikuwa kinanichekesha peke yangu. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja na habari za mbuzi wake. "Anakohoa asubuhi tu au siku nzima?" Saning'o alimuuliza. "Siku nzima." "Na wewe, mzee?" "Na mimi." "Basi dawa hii ni ya mbuzi. Wewe nenda hospitali, na nikisikia umeionja nitakuja kwako mwenyewe." Hakuwa anacheka alipokuwa akisema mambo kama hayo, na mzee naye hakucheka, ila wiki iliyofuata nilimsikia mzee yule amerudi kumwambia kwamba hospitali wamempa vidonge. Nadhani nilianza kumpenda siku ile, kupitia ubao, bila kujua hata urefu wake.

Saa ya kula alikuwa akipitisha kichwa mlangoni kwetu, ananusa. Mama mmoja wa mtaa ule alituletea makande kwenye hotipoti, mahindi na maharage yaliyochemka toka alfajiri, na juu yake tulimimina maziwa ya mgando. "Takwenya," Saning'o alinisalimia, nami alishanifundisha kuitikia, "Iko." Kisha anaanza. "Nyie Wairaqw kweli mnakula mbegu kama kuku." Namjibu, "Babu zenu walikuja wakachukua ng'ombe, wakatuachia maharage. Ulitaka tule nini?" Anatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi, anavuta kigoda, anakula sahani mbili. Mikono yake ilikuwa na harufu ya dawa ya kupe isiyotoka kwa sabuni. Mpaka leo nikipita karibu na josho moyo unanishtuka, jambo la kipuuzi kwa mwanamke wa umri wangu, lakini ndivyo ulivyo.

Kwao Endulen alikuwa mwimbishaji wa vijana kanisani, na Gwandu aliposikia sauti yake kupitia plaiwudi akapata wazo. Achukue wimbo wa watu wawili, msichana wa Arusha na kijana wa Kimasai, kondoo wawili waliopotea kwenye milima tofauti na mchungaji mmoja anawaita. Msichana alipatikana, ndiye Glory, aliyekuwa akiimba kwaya mjini na kufanya kazi duka la vitambaa. Sauti zilirekodiwa Arusha, kila mmoja kwa siku yake, kwa sababu kila Jumamosi Saning'o alishinda mnadani nje ya mji akiuza dawa za duka, na Glory hakupewa ruhusa siku nyingine yoyote. Hawakuonana. Picha nazo tukazipanga hivyo hivyo: Glory aje Jumamosi, Saning'o aingie siku ya kazi duka likiwa limetulia, na mimi niwaunganishe.

Glory alikuja na basi la asubuhi, mrefu, mweupe wa meno, kitenge cha zambarau kimemkaa kama kilifumwa mwilini. Nilimpenda mara moja, na sisemi hivyo kwa adabu. Ili macho yake yaende mahali Saning'o atakapokuwa, Gwandu alisimamisha fagio la mpini mrefu nje kidogo ya picha, akabandika kizibo chekundu cha soda kwa utepe kwenye usawa wa macho ya mwanamume. "Huyu ndiye Saning'o," akamwambia. Glory alilisalimia fagio, akaliuliza habari za ng'ombe, tukacheka wote watatu. Halafu muziki ulipoanza akaliimbia fagio lile moja kwa moja bila kukosea, akala chapati na maharage pamoja nami, akapanda basi la mchana. Alipokuwa anaondoka alilipungia mkono fagio na kuliambia lisimsahau.

Zamu ya Saning'o ilipofika mambo yakaharibika. Kwanza tulipiga kipande cha majaribio, na nilipokiweka kwenye kompyuta kreta ikaonekana kupitia kwenye kifundo cha mkono wake. Alikuwa amevaa bangili ya shanga aliyoshonewa na mama yake, na katikati ya nyekundu na nyeupe kulikuwa na mistari ya kijani. Kompyuta ilikuwa imemtoboa. Alicheka sana akaomba nimwonyeshe tena, kisha akaifungua, na kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka akaifunga mkononi mwangu. "Kaa nayo," akasema. Halafu akasimama mbele ya kijani, muziki ukaanza, akalitazama fagio, na uso wake ukafa kabisa.

"Mbona unaimba kama unasoma tangazo la maji?" Gwandu aliuliza.

"Hili ni fagio."

"Glory aliliimbia hilo hilo."

"Glory ni wa kwaya ya mjini. Kwetu mtu haimbishi ukuta, kaka. Ukitoa sauti, wenzako wanaipokea, wananguruma kifuani, ndipo unapata nguvu ya kutoa nyingine. Isipopokewa inakufia hapa." Akajishika koo. "Nipe mtu."

Gwandu alikuwa na kamera mkononi, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine ila mimi. Fagio likaegeshwa ukutani. Kwa kuwa mimi ni mfupi kuliko Glory, liliwekwa kreti la soda mahali pa fagio nami nikapanda juu yake, nje ya picha, mpaka macho yangu yakafika pale kilipokuwa kizibo, ambacho safari hii kilikuwa kimeshushwa usawa wa macho ya Glory.

"Nifanye nini?" nikauliza.

"Nguruma."

"Mimi si Mmasai."

"Hata mashine ya kusaga inanguruma, na si Mmasai. Fanya tu." Akaweka kiganja kifuani kwake kunionyesha sauti inatoka wapi.

Nikanguruma, vibaya, kwa aibu. Akaimba. Sijui niieleze vipi bila kuonekana najipa ukubwa nisiokuwa nao. Alinitazama kama mtu aliyetembea mbali akaona moshi wa nyumbani kwao. Kila mstari alioutoa aliuleta kwangu, akasubiri niupokee, na nilipoupokea uso wake ulifunguka zaidi, shingo ikaenda mbele na kurudi kama wanavyoimba kwao, na macho hayakuniacha. Nilisahau kamera. Nilisahau kwamba kesho yake ningekaa kwenye kiti na kukata. Nilikuwa msichana aliyesimama juu ya kreti la soda, na mtu alikuwa ananiimbia, na nilikuwa namjibu.

Ubeti wa mwisho ulitaka amnyooshee mkono mwenzake. Vidole vyake vikawa vinaning'inia hewani bila kazi, Gwandu akakasirika. Nikakumbuka kwamba nilikuwa na kipande kilichobaki tulipokata kitambaa cha kijani. Nikashona haraka kama mfuko, nikauvaa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, juu ya bangili yake, ili mkono wangu ukiingia kwenye picha kompyuta iufute pamoja na ukuta. Basi akaimba ubeti ule, akanyoosha mkono, akaushika wangu ndani ya kile kijani. Vidole vyake vilikuta bangili, vikaitambua, vikabana. Wimbo ukaisha. Gwandu akasema, "Kata, hiyo ndiyo," akainama kubadilisha betri. Saning'o hakuuachia mkono. "Usishuke kwanza," akaniambia kwa sauti ya chini. Sikushuka. Tulikaa hivyo mpaka Gwandu alipofunga mlango wa betri, na mteja upande wa pili akawa anagonga kaunta akiita. Saning'o akatabasamu, akaniachia, akaenda kuuza dawa ya minyoo.

Kama angekuja jioni ile akanieleza lolote, maisha yangu yangekuwa na sura nyingine. Hakuja, kwa sababu kesho yake alipata habari kwamba ng'ombe wa baba yake wanahamishwa kufuata malisho na alihitajika nyumbani. Nilibaki na picha yake. Kwa siku nyingi nilishinda naye kwenye kioo cha kompyuta, kwa karibu kuliko mke anavyomwona mumewe: namsafisha kijani kilichong'ang'ania pembeni ya sikio, nalainisha ncha za shuka, nampa kivuli upande uleule wa jua la kreta. Kwenye kioo alikuwa amesimama kwenye weupe mtupu, akitazama pembeni kwa mapenzi, na pale alipokuwa akitazama hapakuwa na kitu. Mkono wake ulikuwa umeshika hewa. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha kijani, na kompyuta ilikuwa imekifuta kama nilivyoiamuru. Nikamleta Glory na kitenge chake cha zambarau, nikamsogeza, nikampandisha kidogo, mpaka macho yao yakakutana. Yalikutana vizuri mno. Mkono wa Saning'o niliuficha ncha nyuma ya kitenge, ili ionekane wameshikana na wanaona haya. Gwandu alipokuja kutazama alivua kofia. "Theresia," akasema, "hawa watu wanapendana." Nilijisikia fundi. Nakiri nilijisikia fundi kabla sijajisikia kitu kingine.

Saning'o alirudi wakati video imeshatoka na inapigwa kwenye televisheni ya duka lake mwenyewe, wateja wamejaa mpaka nje. Nilitoka kumsalimia, nimevaa bangili yake. Alinipa mkono, lakini macho yalikuwa kwenye televisheni. Ilipoisha akaomba irudiwe. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwaza kwamba anajiona kwa mara ya kwanza, mwache ajishangae. Siku hiyo hiyo, watu walipopungua, nikamsikia Gwandu yuko naye upande wa pili wa plaiwudi.

"Huyu dada wa Arusha ana mtu?" Saning'o aliuliza.

"Kwa nini?"

"Angalia ninavyomtazama."

"Ulikuwa unamtazama Theresia, wewe," Gwandu akacheka.

Nilikuwa nimeshika kipanya cha kompyuta na sikuthubutu hata kubonyeza, nisije nikasikika.

"Theresia ni dada," Saning'o akasema. "Alinisaidia kupokea wimbo. Lakini hapo, hebu tazama. Sikujua kama naweza kumtazama mtu hivyo."

Nimeishi na maneno hayo kwa miaka, nimeyageuza kila upande. Hakuwa mwongo na hakuwa mtu wa kuchezea wasichana. Aliuona uso wake ukimpenda mtu, akamtafuta huyo mtu ni nani, na kwenye picha alikuwa Glory. Pale kwenye kreti hakukuwa na kioo cha kumwonyesha anavyonitazama. Na mimi niliyejua ningefanya nini? Nipite mlangoni mbele ya wateja niseme, samahani, macho yale ni yangu? Nilikuwa na ubao wa plaiwudi katikati. Nilikaa pale mpaka akafunga duka.

Glory naye alikuwa ameipata nakala yake. Alipiga simu studio kuulizia yule aliyeimba naye, akijifanya anauliza habari za mauzo, na mimi ndiye niliyepokea na kumpa namba. Walionana Arusha, wakaonana tena Karatu kwenye chumba chetu, na nilipoingia na chai niliwakuta wanacheka mbele ya lile fagio. Saning'o akanishika bega. "Huyu ndiye dada yangu," akamwambia. "Bila yeye mimi na wewe tusingejuana." Glory akanikumbatia, akaniita wifi, na hajaacha tangu siku hiyo.

Kabla ya harusi alipitisha kichwa mlangoni kama zamani. Nilikuwa na sahani ya makande mbele yangu. Hakukaa. "Dada, ile bangili," akasema. "Yeyo aliyeishona ameiulizia. Anataka niwe nayo siku ya harusi." Nilikuwa nimezoea kulala nayo. Fundo lilikataa kufunguka, akasogea kunisaidia, akainamisha kichwa karibu na changu, na kwa muda kidogo akaacha kuhangaika na fundo akabaki ameushika tu mkono wangu. "Umekonda," akasema. Nikamwambia ni kazi. Akafungua, akaenda. Ngozi iliyokuwa chini ya bangili ilikuwa na rangi tofauti na mkono mwingine, na ilikaa hivyo muda mrefu. Video ya harusi yao niliihariri mimi pia. Haikuhitaji kijani hata kidogo, walikuwa mahali pamoja. Mwaka ulipoisha nikaaga, nikaenda kufanya kazi Babati kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi Karatu. Gwandu alikuwa amesharekodi harusi nyingine juu ya tepu zetu, kwa hiyo zile picha za Saning'o akiwa peke yake na mkono wangu wa kijani hazipo popote duniani.

Endulen tulimzika mchana, upepo ukipiga mashuka. Wazee wakamwita "baba Naserian", mchungaji akamwita "ndugu yetu", na mimi nikasimama na wanawake nikilitamka jina lake ndani kwa ndani, kwa kuwa hakuna wa kunikataza humo. Baadaye Glory aliniita chumbani kwake. Ni chumba cha bati chenye kitanda kikubwa, sanduku, kalenda ya kanisa, na vibuyu vya maziwa vilivyopangwa juu ya meza pamoja na redio. Binti yake Naserian alituletea chai ya maziwa na nyama ya kuchoma kwenye sinia, tukaiacha ipoe. Glory alikuwa amenyoa nywele. Alikaa kitandani, akanivuta nikae karibu, akatoa simu, akaifungua ile video. Rangi zimechakaa kwa kupitishwa simu hadi simu, lakini wingu la mkate lilikuwepo, na yeye alikuwepo.

"Tazama hapa," akasema, akaisimamisha kwenye ubeti wa mwisho. "Hapa ndipo niliposema huyu ananipenda. Hata kabla sijamwona. Tulipogombana, nilipopoteza ule ujauzito wa kwanza, nilipochoka na baridi ya huku nikataka kurudi kwa mama, nilikuwa naifungua hapa. Nikimaliza kuiangalia naenda kuwasha moto."

Nikaushika mkono wake. Kwenye kifundo alikuwa na bangili, shanga za kijani zimebaki chache, uzi umebadilishwa.

"Wifi, nina kitu nakaa nacho miaka yote," akaendelea. "Mimi siku ile mlinisimamishia fagio. Nililiimbia fagio, nakumbuka mpaka kile kizibo. Yeye je? Nilikuwa namuuliza, baba Naserian, ulikuwa unatazama nini pale? Anacheka. Anasema, kamuulize Theresia, ndiye aliyekuwepo. Nikimbana sana anaondoka, anaenda kuangalia ndama. Hata hospitali nilimuuliza. Akasema hivyo hivyo, kamuulize Theresia." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa yananiomba. "Sasa nakuuliza."

Nje wanawake walikuwa wameanza kuimba, mmoja anatoa, wengine wanapokea. Nilitazama simu. Saning'o alikuwa amesimama pale, mkono umeishia nyuma ya kitenge cha zambarau, anatazama pembeni kwa yale macho. Kumbe alijua macho yale yalikuwa ya nani. Sijui alijua lini, siku ya bangili au miaka baadaye kwenye ukimya wa ng'ombe, lakini alijua, na akaniachia mimi nimjibu mkewe.

"Lilikuwa fagio, wifi," nikamwambia. "Lile lile lako. Alikataa kuimba mpaka tulipomwambia wewe ulishika mpini wake."

Glory akaziba mdomo kwa kiganja. Akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu nifike, kikageuka kilio katikati, akaniegemea begani na kichwa chake kilichonyolewa.

"Fagio!" akasema. "Alilitazama fagio hivi? Basi lilikuwa na bahati, fagio lile."

"Lilikuwa na bahati," nikasema.